Barua ya wazi kwa mnaosimamia michezo Mtwara: roba tunayo, mkeka hatuna

Waheshimiwa,

Shikamooni wakubwa, na kwa rika langu habari za kazi. Ninaandika kutoka Magomeni, Mtwara mjini. Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki na bajaji. Maisha yangu ni sponji, leza, gundi na sindano ya gunia. Nataja kazi yangu mapema kwa sababu huko mbele nitazungumzia mikeka, na sipendi mtu aseme fundi huyu alilala na njaa akaota.

Jambo lenyewe ni mchezo ambao huenda haujawahi kufika mezani kwenu, ila umo kwenye simu ya kila kijana wa mji huu: MMA, ngumi na mieleka ndani ya kizimba kimoja. Wengi wetu tunauita UFC tu, kwa jina la kampuni, kama tunavyoita kila dawa ya meno kwa jina la ile iliyotangulia kufika dukani.

Mapambano makubwa ya Marekani yanatufikia Jumapili alfajiri. Yale makuu yanaanza kabla ya jua, na la mwisho linaingia jua limeshapanda. Waliotoka msikitini wanaunganisha moja kwa moja hadi kibanda umiza, kanzu mwilini. Wanaokwenda misa ya kwanza wanakaa karibu na mlango na kumwomba Mungu pambano liishe mapema. Kahawa inazunguka, mama wa ming'oko amekaa kizingitini na chumvi yake ya pilipili, na ubishi umeshaanza kabla refa hajavaa glavu. Kuna watu wa juu na watu wa chini. Watu wa juu wanaamini ngumi na mateke. Watu wa chini wanasema ngumi ni salamu tu, mazungumzo yenyewe yanafanyika sakafuni.

Asubuhi ya 17 Agosti 2025 nusura kibanda kivunjwe. Dricus du Plessis wa Afrika Kusini alikuwa Chicago akitetea mkanda wa uzani wa kati mbele ya Khamzat Chimaev. Kibanda kizima kilikuwa cha Dricus, Mwafrika mwenzetu, ingawa dereva mmoja wa bajaji alitukumbusha kwamba Dricus huyohuyo ndiye aliyemlazimisha Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos, kusalimu amri kule Perth mwaka 2024, na siku hiyo hakuna aliyemwita Mwafrika mwenzetu. Basi kengele ikagonga. Hata hatujakaa sawa, Chimaev kazamia miguu, kambeba, kamlaza. Raundi tano za dakika tano tano ni dakika 25. Zaidi ya 21 katika hizo Dricus alikuwa chini ya mtu. Majaji wote watatu waliandika 50-44, ushindi wa Chimaev.

Mliosikia makelele mtaani siku ile, ndiyo hayo. Mtu mmoja alipiga kelele "Leteni shehe, wafungishwe ndoa!" Mwingine alitaka arudishiwe kiingilio. Mzee mmoja aliyecheza ngumi enzi zake alisimama kabisa: "Mtu akikukumbatia, refa anawaachanisha. Hii sasa ni nini?" Mimi nilikuwa nimetulia kwenye mkono wa Dricus. Kuna wakati Chimaev alikuwa ameubana mkono mmoja kwa miguu, na ule mwingine ameushika, kichwa kimebaki peke yake kama nazi kwenye mbuzi. Anachunwa kidogokidogo. Ukiwa juu ya benchi unasema "analala tu". Aliye chini ndiye anayejua kama mtu amelala au anafanya kazi.

Ubishi ukahamia kwenye orodha. Tangu 2013 UFC wana orodha ya ubora: kila uzani una nafasi 15, bingwa amekaa juu yake peke yake, na kuna orodha nyingine ya walio bora bila kujali uzani. Wanaopiga kura ni waandishi wa habari. Hilo ndilo linalowaudhi watu wa kibandani kuliko yote. "Kwa hiyo mtangazaji wa mpira akipewa karatasi ndiye atakayempanga Makhachev?" Mlango wa kibanda chetu umepakwa rangi nyeusi, na kijana wa kibanda huandika nafasi 1 hadi 15 kwa chaki. Kufika Jumatano zimefutwa kwa kiganja na kuandikwa upya mara nne, na kila aliyefuta anasema mwenzake hajui kitu.

Mimi nao ubishi naupenda, siwaongopei. Nimekwisha kuchelewesha viti vya watu kwa ajili ya Islam Makhachev. Mwaka 2022 alimkaba Charles Oliveira, na Oliveira ndiye anayeongoza katika historia ya UFC kwa kuwafanya watu wasalimu amri. Yaani mwalimu wa kabali kapigwa kabali. Novemba 2025 akapanda uzani, akamshinda Jack Della Maddalena kwa pointi na kuchukua mkanda wa pili. Unampanga wapi mtu huyo? Juu ya Khabib Nurmagomedov, aliyestaafu mwaka 2020 akiwa na mapambano 29 bila kupoteza hata moja? Hapo ndipo watu wanapoanza kushikana mashati. Na hapo ndipo niliponyamaza siku moja nikajiuliza: katika watu arobaini tuliomo humu, ni nani amewahi kulaliwa kifuani na mtu mwenye kilo 80 anayejua anachofanya? Hakuna. Sote ni maprofesa wa somo ambalo hatujaingia darasani.

Wala si somo geni kwa lugha yetu. UFC ilianza Denver mwaka 1993; usiku ule Mbrazili Royce Gracie, mwembamba wa kilo 80 hivi, aliwamaliza watu watatu kwa kuwashika tu, wa kwanza akiwa bondia aliyepanda kizimbani na glavu moja mkono mmoja mtupu. (Mzee wetu wa ngumi hapendi hadithi hii.) Lakini mwaka huo sisi tulikuwa na majina yetu tayari: ngwala, mtama, mwereka, kabali. Na roba. Roba ya mbao kila mtu anaijua, na tunaijua kwa ubaya: ni ile ya uchochoroni, unakabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, ukizinduka simu haipo.

Sasa niwaeleze la mpwa wangu, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Ni mtoto wa dada yangu wa pili, ana miaka 19. Kwetu Wamakonde mnajua mjomba ni nani. Mtoto akiumia, simu ya kwanza ni kwa mjomba. Ilinikuta nina kiti cha pikipiki ya Boxer mapajani, nusu nimeshavuta leza. Walikuwa kwenye pagale, vijana kama saba, wanabishana Khabib angemkaba nani na nani. Ubishi ukafika kwenye "hebu njoo nikuoneshe". Rafiki yake akampiga roba, wamesimama, wenzao wamezunguka na simu zimewashwa. Mpwa wangu hakugonga, yaani hakumpiga mwenzake vikofi vya kusalimu amri. Agonge mbele ya kamera, achekwe? Rafiki naye hakujua kwamba mtu akilegea ndiyo imekwisha, alidhani anaigiza. Alipomwachia, mtoto alishuka kama gunia la korosho lililokatwa kamba, kidevu mbele, kwenye zege. Meno mawili, nyuzi saba.

Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi, kwa kuwa jeraha lilionekana la kupigwa. Tukaenda kituoni. Askari akauliza mtuhumiwa yuko wapi. Mtuhumiwa ndiye aliyekuwa amembeba majeruhi mgongoni, shati limelowa damu, analia kuliko mgonjwa. Askari akawatazama wote wawili, akaweka kalamu chini, akauliza: "Kwani mlikuwa mnafanya nini hasa?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kuandikwa kwenye fomu.

Baadaye nilisoma na kuuliza. Roba iliyopigwa sawasawa haizibi koo. Inabana mishipa miwili ya damu, kulia na kushoto mwa shingo, inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzimika ndani ya sekunde kumi hivi, kimya kabisa. Ndiyo maana kwenye judo na jujitsu ya Kibrazili, michezo ya kubwagana na kukabana, hujifunzi kukaba kabla hujajifunza kugonga: unampiga mwenzako vikofi viwili na anaachia papo hapo, hakuna kuuliza, hakuna kucheka. Na kabla ya hapo unafundishwa kuanguka, kidevu kifuani, mkono ukipiga sakafu. Siku ya pambano lake la mwisho Khabib alimbana Justin Gaethje kwa miguu mpaka Gaethje akapoteza fahamu, na refa alikuwa amesimama pale pale, na daktari yuko nje ya kizimba. Kwenye pagale letu refa alikuwa nani?

Waheshimiwa, hapo ndipo penye ombi langu lote. Roba imeshaingia mtaani. Hamtaizuia, kwa sababu iko kwenye simu na ni bando la mia tano tu. Ambacho hakijaingia ni mtu wa kufundisha kuachia.

Nilijaribu mwenyewe kwanza, msiseme nimekuja kuombaomba. Mkeka wa kwanza niliutengeneza kwa magunia ya korosho. Nikayafungua, nikayaunga, ndani nikajaza makumbi ya nazi. Wiki mbili ulikuwa mzuri. Wiki ya tatu makumbi yalihamia pembeni, katikati pakabaki gunia na sakafu, na vijana wanatoka wamechubuka viwiko na magoti kama waliotambaa jeshini. Wa pili nikatumia sponji iliyobaki kwenye viti, inchi nne, juu nimevuta leza nyeusi. Ulipendeza, unanukia upya. Hapo nikajifunza kitu ambacho mtu wa viti hawezi kukijua kwa kukaa: ulaini unavunja. Mguu unazama, mwili unageuka, kifundo kinabaki kule kilikozama. Wawili waliteguka jioni moja, na mmoja wao ni dereva wa bodaboda. Wiki nzima pikipiki ya tajiri imelala.

Mkeka wa judo wenyewe ni kitu kingine. Una unene wa sentimita 4 hadi 5 hivi, sponji iliyogandamizwa mpaka ukiipiga ngumi inakurudishia, juu hauna utelezi wala hauchubui. Huja kwa vipande vya mita 1 kwa 2. Eneo la pambano lenyewe kwenye mashindano ni mita 8 kwa 8 kwa uchache, yaani vipande 32, bila kuhesabu eneo la usalama pembeni. Sisi hatuombi uwanja wa mashindano. Vipande 18 vinatupa mita 6 kwa 6, na hapo wanafanya mazoezi watu kumi bila kugongana vichwa. Sponji ya namna hiyo hapa mjini sijaiona. Tulizonazo ni za kulalia na za kukalia.

Nilibeba maelezo haya hadi ofisi moja, siitaji. Mara ya kwanza nikaambiwa nilete barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nikaileta. Mara ya pili nikaulizwa mchezo huu uko kwenye orodha gani. (Orodha tena! Nikajisemea, hata huku.) Mara ya tatu bwana mmoja akavua miwani akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, mnataka kututengenezea panya road?" Sikumjibu vizuri siku ile, nilikuwa na hasira. Namjibu leo. Panya road, kibaka wa magenge, haendi kusimama mbele ya mwalimu saa kumi jioni, akapimwa uzito, akaandikwa jina na jina la mzazi. Anayetaka kukaba watu gizani hahitaji mkeka. Uchochoro unamtosha.

Halafu kuna suala la uzito, nalisema kwa haraka kwa sababu linanitia aibu. Mapambano ya sikukuu yanayofanyika mitaani kwetu, mmoja anapimwa kwenye mizani ya korosho akiwa na viatu, mwenzake anapimwa kwa macho. Nimeona kijana wa kilo 58 akipandishwa na mtu anayemzidi kilo zaidi ya kumi, na watu wakashangaa kwa nini alianguka. UFC kuna hatua ya kilo 4 hadi 7 tu kati ya uzani mmoja na unaofuata kwa wale wadogo na wa kati. Mizani ya kupimia watu haizidi bei ya kiti kimoja cha bajaji nikikishona mimi. Hilo nalo nilihitaji barua?

Nawaomba mumtazame mtu mmoja. Francis Ngannou, Mkameruni kutoka Batié, alichimba mchanga akiwa mtoto. Vijana wa kupakia mchanga kwenye malori mnao hapa, mnapishana nao kila siku. Alifika Paris hana pa kulala, akalala kwenye maegesho ya magari, mpaka jimu moja ikamfungulia mlango akafanya mazoezi bure. Ngumi zake mnazijua. Lakini Januari 2018 alipewa nafasi ya kugombea mkanda wa uzani wa juu dhidi ya Stipe Miocic, naye Miocic akambwaga na kumlalia raundi tano mpaka akawa hana pumzi ya kuinua mkono. Alirudi Machi 2021 akamzimisha Miocic huyohuyo kwa ngumi. Watu wa juu walishangilia sana, na nawapa haki yao. Mimi ninayoikumbuka ni Januari 2022, mbele ya Ciryl Gane. Goti lake bovu, ngumi hazifiki, raundi za mwanzo zinampotea. Raundi ya tatu akamshika Gane, akamnyanyua, akambwaga. Kibanda kilinyamaza. Raundi ya nne tena, na ya tano ikaishia yeye yuko juu. Alishinda kwa pointi kwa mieleka, mtu aliyeaibishwa kwa mieleka miaka minne nyuma. Hakuzaliwa nayo. Katikati ya 2018 na 2022 kuna mtu alimlaza kwenye mkeka, siku baada ya siku, akamfundisha.

Kama neno MMA linawatisha, liacheni. Leteni judo. Judo iliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1964, na Tanzania ilimpeleka Andrew Mlugu kwenye judo Paris mwaka 2024, kwa hiyo waalimu wapo nchini humu. Kayla Harrison wa Marekani alichukua dhahabu mbili za judo, London 2012 na Rio 2016, na ni judo hiyohiyo iliyompeleka kuwa bingwa wa UFC Juni 2025, kwa kumpinda mkono Julianna Peña. Ninamtaja kwa makusudi. Kwenye ule mkeka wangu wa sponji, aliyejifunza kuanguka haraka kuliko wote ni binti wa jirani yangu, yuko kidato cha tatu. Wavulana wanataka kukaba siku ya kwanza. Yeye alianguka jioni tatu mfululizo bila kuchoka, na mama yake amesimama mlangoni na mwiko mkononi akihakikisha.

Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika hapahapa Mtwara. Mji ulijaa watoto wa kila mkoa na tuliwalaza, tukawalisha, tukawashangilia. Kwa hiyo msiniambie kusini ni mbali. Mwalimu mmoja wa judo, kutoka Dar es Salaam au Zanzibar, wiki mbili tu, awafundishe wawili wetu namna ya kuwafundisha wengine. Pembe ya ukumbi wowote mlionao, jioni mbili kwa wiki. Kumbi nyingi najua zinashinda na kufuli mpaka pawe na harusi. Usafi tutafanya sisi. Vipande vikichanika nitavishona mimi, bure, na hilo naliandika hapa mbele ya watu wote ili msije mkasema sikusema.

Mzee wetu wa ngumi ameniomba niweke wazi kwamba yeye hakubaliani na barua hii, kwamba kulaliana si mchezo wa kiume, na kwamba Chimaev angekutana na mabondia wa enzi zake angeona. Nimeliandika, mzee. Ila jana alikuja karakana akauliza kama mkeka ukija mabondia nao wataruhusiwa kuanguka juu yake.

Jumamosi saa kumi jioni tunakutana nyuma ya karakana, kwenye ule wa sponji, tunafanya ya kukaa na kupiga magoti tu mpaka vifundo vipone. Mkitaka kutuma mtu aje aone, aje; viatu anaacha nje. Mpwa wangu anakuja pia, ingawa bado anakula uji. Hapo mlangoni pa kibanda orodha ya wiki hii ipo, 1 hadi 15, na chini ya wa 15 mtu ameongeza jina lake kwa chaki, nafasi ya 16, na pembeni ameandika: hajui kugonga.

Wenu,
Fundi wa viti, Magomeni, Mtwara